Siku za matibabu ya bure za makanisa kwa wakimbizi wa Goma: mahubiri yatangulie dawa?

MugangaWaMawe

Mimi ni muuguzi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka wa kumi na moja sasa, na ni mwamini. Kwayani naimba besi. Nalitanguliza hilo nisije nikaitwa mpagani kabla sijafika mstari wa tatu.

Mwaka 2024, kambi zikiwa bado zimesimama, kanisa moja la mjini (jina naliacha) liliniomba nikawasaidie siku moja ya matibabu ya bure kule Kanyaruchinya. Waliopaona wanapajua: mawe meusi ya volkano yanayokata ndala, vibanda vya turubai vimebanana, maji ya kupangia foleni. Watu walianza kushika jetoni (namba za foleni) saa kumi na moja alfajiri. Sisi tukafika saa tatu. Zikashushwa spika kwanza, dawa baadaye. Kwaya ikaimba, pasta akahubiri, wakaitwa wanaotaka kuokoka, wakaombewa mmoja mmoja. Mgonjwa wa kwanza alikaa mbele yangu saa tano na nusu. Muda wote huo kulikuwa na mtoto anayechemka homa mgongoni mwa mama yake, juani, na vipimo vya malaria vilikuwa ndani ya begi langu, hatua kumi kutoka alipo. Sikuvitoa. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Hilo nalibeba mwenyewe, simsukumii pasta.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mchana ule nilimpima mzee mmoja wa Kibumba, presha 200 kwa 110. Nikampa vidonge 14 vya amlodipini nikamwambia, "Baba, zikiisha nenda kituo cha afya." Kituo kipi, na kwa pesa ya nani, sikumwambia. Wiki kadhaa baadaye aliletwa ninapofanya kazi, amelazwa juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, upande wa kulia umekufa, na karatasi yangu ya dawa bado iko mfukoni mwake. Hakuna kituo kilichokuwa na jina lake. Daftari letu la siku ile lilirudi mjini pamoja na spika, likasomwa kanisani Jumapili: waliotibiwa wangapi, waliookoka wangapi.

Sasa kambi hazipo. Tangu M23, waasi walioushika mji, walipoamuru watu waondoke, Februari 2025, wadeplase wetu (waliohamishwa na vita) wengine wamerudi vijijini wakakuta nyumba zimeungua, wengine wamejibana kwenye familia, kwenye mashule na makanisani kwenyewe. Siku za bure nazo zimewafuata huko. Msimamo wangu: mahubiri na matibabu visiwe saa moja wala mahali pamoja, na timu isiyopeleka daftari lake ofisi ya zoni ya afya, ile inayosimamia vituo vya eneo, isifungue hata sanduku moja la dawa. Mnasemaje?

MtumishiTu

Muganga, kwa heshima yako, kosa la kanisa moja umelipakaza makanisa yote. Mwisho wa Januari 2025, risasi zilipoingia mjini, majeruhi walikimbizwa wapi? CBCA Ndosho, hospitali ya Wabatisti inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu. HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari mwamini, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn. Watu walilazwa hadi sakafuni. Magari meupe mengi ya mashirika siku zile yalikuwa yameshavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Halafu mwaka ule ule msaada wa Marekani ukakatwa, na dawa zilizokuwa zinakuja kwa njia hiyo zikakauka.

Hizi siku za bure unazozilaumu hazina mfadhili. Ni sadaka za mama wauza mboga. Mnataka watoe pesa yao na jina la Mungu wao walifiche?

Tena unadhani mkimbizi anakuja kutafuta vidonge tu. Mama aliyezika mtoto kando ya barabara akitoka Masisi anataka mtu amshike mkono asali naye. Nimewashika wengi. Hakuna aliyeniambia nimpe kwanza parasetamo.

KijanaKatindo

Mama yangu alikaa mahubiri yote, akaimba hata nyimbo asizozijua, akapewa miwani. Hajaokoka mpaka leo. Ila sindano anaitunga uzi mwenyewe.

BintiBirere

Kijana umenichekesha, lakini mama yako aliweza kujifanya. Shangazi yangu ana hijabu kichwani. Walimwandika jina, kijiji anakotoka, anaumwa nini, halafu wakamuuliza dini. Akataka kujua ya nini. "Ni takwimu tu, mama." Akajibu, kisha akatoka kwenye foleni kwa miguu yake, akarudi na maumivu yake ya tumbo. Hakuna aliyemfukuza, Mtumishi. Ukitaka kumshtaki mtu, utamshtaki nani?

Na msidhani nawasema Wakristo tu. Kwetu msikitini wakigawa nyama ya Idi Kubwa huku wakiuliza nani anaswali na nani haswali, huwa napigizana kelele na kaka zangu hao hao.

Ipo kanuni ya maadili ya mwaka 1994, ya Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada. Kifungu cha tatu kinasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Walioidhamini ni pamoja na Caritas, Shirikisho la Kilutheri la Dunia na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Si sisi Waislamu tuliowatungia.

MtumishiTu

Dada, kisome chote. Kinakubali kwamba shirika lina haki ya kuwa na imani yake. Kinachokataza ni kumwambia mtu hutapata msaada mpaka uikubali. Hakuna aliyemwambia shangazi yako hivyo.

BintiBirere

Na saa mbili na nusu juani kabla hujapimwa tuziite nini?

MkungaWaUsiku

Mnabishania spika. Niruhusuni niseme langu, na litakuwa zito.

Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia waathirika wa ubakaji zaidi ya 25,000 katika nchi yetu, wengi wao Kivu Kaskazini, kwenye hizi kambi tunazozungumza. Wanawake walikuwa wakienda kutafuta kuni na wanarudi wameharibiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba ina siku tano, na kila siku inayopita inapunguza nguvu yake.

Nimefanya kazi kwenye siku za bure tatu. Hema halina pazia. Mtu wa maombi amekaa kwenye benchi lile lile la daktari. Msichana wa miaka 16 atasema nini pale? Anasema anaumwa mgongo, anapewa dawa ya mgongo. Mmoja alipata ujasiri akaninong'oneza. Nikafungua sanduku: dawa ya pili, ile ya kuzuia mimba, haimo, na haikuwa imesahauliwa. Nilimtoa nje nikampandisha pikipiki kwa pesa yangu hadi hospitali yenye dawa. Waliorudi kimya wakiamini wameshatibiwa sikuwahesabu.

Kama imani yako haikuruhusu kutoa dawa fulani, sitakugombeza. Lakini mwambie mgonjwa kwamba kwako haipo, umwambie iko wapi, na nauli umpe saa ile ile.

MtumishiTu

Mama Mkunga, nimesoma mara mbili. Kwa hilo la pazia na hilo la nauli sina la kujitetea, hata timu yetu hatujawahi kulifikiria.

Niongeze moja tu. Hospitali ya Panzi ya Bukavu iko chini ya CEPAC, Wapentekoste, na Daktari Mukwege aliyeianzisha 1999 ni mtoto wa pasta. Wanawake waliobakwa wanafuata huko kutoka mbali. Kwa hiyo msiseme kanisa haliwezi.

MkungaWaUsiku

Sijasema haliwezi. Panzi ina wodi, ina mafaili, na kesho ukirudi unaikuta. Nyinyi saa kumi jioni mnakunja hema.

MzeeKasulu

Wanangu, shikamooni kwa waliokuwa wakubwa kwangu, kama wapo. Niko Kigoma. Kambi ya Nyarugusu iko jirani yetu tangu 1996, ndugu zenu wa Kivu Kusini wamezaa na wamejukuu humo. Makanisa yamejaa, Jumapili kwa ngoma huwezi kusikilizana na mwenzio. Lakini zahanati ni zahanati.

Huku kwetu serikali na makanisa waliandikiana makubaliano mwaka 1992. Mtasikia pia "hospitali teule ya wilaya": jengo la kanisa, sista yupo na msalaba wake shingoni, ila taarifa zinakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya kama za hospitali nyingine yoyote. Hakuna anayemkataza kusali. Swali langu kwa Muganga: hilo daftari lako, katika hali yenu ya sasa, litapelekwa kwa nani? Aliyeshika mji ni mwingine, serikali yenu iko Kinshasa.

MugangaWaMawe

Mzee, marahaba kwa niaba ya wazee ambao hawajajitokeza. Swali lako limenigusa penyewe. Ninavyojibu ni hivi: bendera zimebadilika, lakini ofisi ya zoni ninayopelekea taarifa zangu iko pale pale, na mama anayezipokea ni yule yule, hata kama mshahara wake hauji. Anajua nani ana presha mtaa gani. Kipindupindu kikianza, yeye ndiye atakayegundua kwamba watu wanne wa kuhara wametoka shule moja, ikiwa tu hao wanne wameandikwa mahali. Na Mtumishi asisahau kwamba huku kwetu pia hospitali nyingi za zoni ni za makanisa. Siombi kitu kigeni. Naomba timu za siku moja zifanye yale ambayo hospitali za makanisa yao zinafanya kila siku.

Kuhusu kusali na mama aliyezika mtoto, Mtumishi, nimekubali, niliandika kwa hasira. Maombi yawepo, ila benchi lake liwe upande wa pili wa uwanja, na anayelitaka aende mwenyewe, awe ameshapata dawa au hazihitaji.

Kanisa letu wenyewe lina siku ya bure Jumamosi, kwenye shule walikojibana watu wa Rutshuru. Jana nilimpelekea pasta masharti manne: wagonjwa waanze saa mbili, spika zibaki kanisani, hema liwe na pazia na bahasha ya nauli, na daftari nilipeleke mimi zoni Jumatatu. La kwanza, la tatu na la nne ameyakubali pale pale. La spika anasema ataliombea.