ECG ya baba ni nzuri, kwa nini apimwe tena akitembea kwenye mashine?

BintiHombolo:
Mbukwenyi wakuu. Baba yangu ana miaka 61, analima zabibu Hombolo. Msimu huu akibeba kreti kutoka shambani hadi barabarani, njiani anasimama, ngumi kaibana kifuani, anasema panakaza kama kafungwa mkanda. Akikaa dakika tano panaachia. Kalazwa kitandani kapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, majibu mazuri. Sasa daktari kaandika ECG ya mazoezi. Kaka zangu wanasema huko ni kuliwa hela tu, ECG ni ECG. Mimi roho haijatulia. Na mashine yenyewe si itamwangusha?

MpimaMoyo:
Dada, pole na mzee. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, nakuomba usiache kumpeleka.

Mzee akilala, moyo hauhitaji damu nyingi, hata mshipa ulioanza kuziba unatosheleza. Karatasi inatoka safi. Shida inajitokeza akiwa na kreti begani. Sasa sisi tunambebesha kreti hilo mbele ya macho yetu. Tunanyoa kifua kidogo, tunabandika elektrodi kumi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa moyo, anaanza kutembea polepole kwenye mashine, kilomita 2.7 kwa saa, mwinuko asilimia 10. Kila dakika tatu mwendo na mwinuko vinaongezeka, na presha tunapima. Kwa umri wake tunatafuta mapigo kama 135 kwa dakika: 220 toa 61, kisha asilimia 85.

Jicho langu linakaa kwenye kipande kinachoitwa ST, pale mstari unapotulia baada ya ule mchongoko mrefu. Kikishuka milimita moja au zaidi, kikiwa bapa au kinateremka, nashtuka. Akishuka kwenye mashine hatumbandui haraka, maana wengine mstari unashuka akiwa ameshakaa kitini. Daktari yupo, mashine ya kushtua moyo ipo, na mzee akisema kifua kinabana sana tunasimamisha.

Ila maumivu yakimjia amekaa tu, msisubiri miadi. Hospitali saa hiyo hiyo.

MamaKisasa:
Mimi niliambiwa mstari umeshuka. Wiki mbili sikulala. Kupigwa picha ya mishipa, iko safi kabisa!

MpimaMoyo:
Pole sana mama. Kwa kina mama inatokea zaidi. Na kinyume chake kipo: mtu anamaliza vizuri, kumbe mshipa una shida. Ndiyo maana daktari anasoma karatasi pamoja na maelezo ya mgonjwa. BintiHombolo, lile la kreti mwambie vilevile ulivyoandika hapa. Mzee anatumia dawa gani?

BintiHombolo:
Atenololi, ya presha.

MpimaMoyo:
Hiyo inazuia mapigo kupanda, kipimo kinaweza kuficha jambo. Muulizeni daktari kama aisimamishe na lini. Msiikate wenyewe, ni hatari.

BintiHombolo:
Asante sana kaka. Kaka zangu nimewasomea yote, mkubwa katoa nauli. Baba anauliza kama ataingia na kandambili.

MpimaMoyo:
Hapana, avae raba. Na asile sana asubuhi hiyo.

BintiHombolo:
Kesho naenda Sabasaba kumtafutia. Anavaa namba 42.