Shata ya kamera ya mkanda ilipokugomea: tupeane uzoefu

Spidi60: Wakuu, leo nimepita mahali dogo mmoja anauziwa Pentax K1000, muuzaji anaikoki, anabonyeza, "unasikia? inalia, nzima hiyo". Damu imenichemka. Kamera ya mkanda kulia si uzima jamani, shata inalia vizuri tu, mkanda unasogea, kumbe ndani shata ina mapazia mawili, la kwanza linafungua mwanga ufike kwenye mkanda, la pili linafuata kuziba, na moja linachelewa, utajua siku picha zikitoka kusafishwa. Yaliyowakuta mwageni hapa, za Mrusi, za Mjapani, zote.

MtuWaPwani: Hapo kwenye kujua siku ya kusafishwa umenigusa kidonda kabisa.

BintiStudio: Ngoja niseme ya baba. Alikuwa na studio Tanga, K1000 ndo ilikuwa inatusomesha. Jumamosi moja kapiga harusi kanisani, flashi kwenye spidi 60, yaani sekunde moja gawa kwa 60, kama kamera ile inavyotaka, kila kitu kinalia, flashi inawaka, watu wanasogea kupiga na maharusi, wakwe, mashangazi, kamati nzima. Mkanda ukasafishwa, baba akauinua dirishani, mi niko pembeni yake, nikaona kanyamaza. Bibi harusi yuko safi mpaka shanga za shela unazihesabu, upande wa pili negativu tupu, mstari umenyooka toka juu hadi chini, bwana harusi hayupo. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Kumbe grisi ilikauka, pazia la kwanza linajikokota, flashi inapowaka pazia la pili lishaanza kuziba. Sasa hilo ukawaeleze ukoo wa bwana harusi! Wajomba wakaja wamefura, mtoto wao kafutwa, huo ni mkono wa mtu, na baba kahongwa na upande wa mwanamke.

Kaka_Dom: Weee! Ikawaje?

MtuWaPwani: Dada usituache njiani.

ZenitMpakaKufa: Ndo maana mi sikutoka kwa Mrusi. Zenit E ina spidi B (shata inabaki wazi muda wote umebonyeza), 30, 60, 125, 250, 500 basi, haina betri, chuma kitupu, ikidondoka unaokota unaendelea.

Kaka_Dom: Chuma nje, mapazia ni kitambaa kama za wenzake. Ya mjomba ilikakamaa hadi ukibonyeza pazia linasimama katikati. Na flashi yake mwisho spidi 30, ukipanda juu ya hapo picha nusu nyeusi hata kamera ikiwa mpya, watu wakakimbilia kusema shata imekufa.

ZenitMpakaKufa: Mjomba wako aliiweka stoo miaka mingapi bila kuikoki? Kamera isiyopigwa inakufa, usimsingizie Mrusi.

FundiChumbaGiza: Wanaonunua, sikieni. Toa lenzi, fungua mgongo, usiweke mkanda, elekeza ukuta mweupe wenye mwanga, piga spidi kubwa kabisa huku unachungulia kwa nyuma. Mwanga ujaze lote lile dirisha la mkanda. Ukiona ukingo mmoja una giza, achana nayo au muuzaji apunguze bei kwa gharama ya ufundi. Mwenye TV ya chogo ana bahati, washa, chungulia vilevile, utaona mstari wa mwanga umelala mshazari, upana wake uwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Na kidole kisiguse pazia!

MzeeWaGereji: Mnahangaika bure, piga WD-40 kidogo, ile ya kopo ya kupuliza kwenye vyuma vilivyoganda, yangu ilifunguka palepale.

FundiChumbaGiza: Mzee wangu shikamoo, ila hapo umewapoteza watu. Ile inatambaa, leo imefunguka, baadaye imefika kwenye mapazia na kwenye kioo cha ndani kinachoruka ukipiga, vumbi linanasa, inaganda kuliko mwanzo. Nimezipokea nyingi za hivyo.

MzeeWaGereji: Marahaba. Yangu inapiga hadi leo.

FundiChumbaGiza: Spidi zake umezipima?

MtuWaPwani: Huku kwetu kuna na ile sponji ya kuzuia kioo kisigonge, za Kijapani za zamani inageuka lami, kioo kinanata juu, unadhani shata imekufa. Njiti yenye pamba na spiriti, kwangua taratibu, weka sponji mpya. Fundi alitaka kuniuzia mashine nyingine kwa tatizo hilo tu!

Mama_Negativu: Mi nawaza yule bwana harusi.

BintiStudio: Narudi. Baba hakubishana, aliwarudishia hela yote mbele ya wazee, akaomba maharusi wavae tena. Akawapiga chini ya mwembe bila flashi, spidi 30, kamera kwenye stendi, maana kwa spidi ndogo pazia la kwanza linawahi kumaliza kabla la pili halijaanza. Zikatoka nzima. Za kanisani hazikurudi, na mama wa bwana harusi hakuwahi kumwamkia baba tena.

Mama_Negativu: Ya kanisani ndo ya kanisani, namwelewa huyo mama.

Kaka_Dom: Halafu mwenye Canon AE-1 asikimbilie fundi, ile shata yake ni ya umeme, betri ya volti 6 ikiisha haibonyezeki hata kidogo. Watu wanaziuza kama spea.

Spidi60: Na ile inayokohoa ukibonyeza? Ninayo AE-1, picha zinatoka sawa ila inapiga yowe.

FundiChumbaGiza: Hiyo si pazia, ni gia za kioo zimekauka. Tone moja la mafuta ya saa kwa sindano ndefu, lazima lifike kwenye gia yenyewe. Usipoijua ilipo usichokonoe, mpe anayeijua.