Naomba ushauri: mkate wa kumimina kwenye oveni ya umeme

Habarini wapishi. Mimi ni mlaji kwanza, mpishi baadaye. Forodhani nishakula pweza, urojo na mishikaki, na hoteli yenye chakula nisichokijua naingia bila woga. Ila kwa chai ya jioni, roho yangu iko kwenye mkate wa kumimina.

Naloweka mchele usiku kucha, nausaga kwenye blenda kwa tui zito pamoja na iliki na hamira. Ukishaumuka natia sukari na ute wa yai, namimina kwenye sufuria ya moto yenye mafuta. Kwa mkaa juu na chini ulikuwa unatoka na vitundu safi.

Sasa nimehamia ghorofani, mkaa hauruhusiwi. Kwenye oveni chini unaungua, juu mweupe, katikati unanata.

Je, nianzie kwenye gesi ushike chini, kisha niuingize ndani niwashe moto wa juu peke yake? Nyuzi 180 au 200? Na sukari mnatia lini? Tui la kopo msinishauri, tafadhali, nazi nakuna mwenyewe.