Naomba ushauri: wanakikundi niwaeleze gharama ya mawese kwa mlinganyo, jedwali au grafu?

KatibuSimbo: Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kukamua mawese hapa Kigoma, na kikao cha Jumamosi kinaninyima usingizi. Natakiwa kuwaeleza wanachama kwa nini gharama ya dumu moja la lita 20 hushuka kadiri tunavyokamua madumu mengi. Kila mwezi tunalipa 600,000, hata kama hatukukamua tone, kwa ajili ya kodi ya banda, mlinzi na marejesho ya mkopo wa mashine. Zaidi ya hapo, kila dumu linakula 52,000. Basi x ikiwa ni idadi ya madumu, gharama ya dumu moja ni (600,000 + 52,000x) ÷ x. Jedwali langu linasema hivi: madumu 10, gharama 112,000, madumu 20, 82,000, madumu 40, 67,000, madumu 60, 62,000. Je, niwapelekee mlinganyo, jedwali au grafu? Wapo ambao shule waliiacha mapema, na sitaki waone kwamba ninawatambia.

MwalimuMstaafu_Tabora: Katibu, nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na swali lako limenifurahisha. Mlinganyo ambao x imekaa kwenye asili ya sehemu, yaani namba ya chini, una tabia zake. Ukigawanya kiasi, yaani namba ya juu, kwa asili unapata 52,000 + 600,000/x, na hapo kila kitu kinakuwa wazi: sehemu ya pili hupungua x inapokua, lakini haiishi kamwe, kwa hiyo mkunjo wa grafu hushuka ukiukaribia mstari wa 52,000 bila kuugusa. Mstari huo tunauita asimptoti. Upande wa pili, x ikikaribia sifuri gharama hupaa kandokando ya mhimili wa y, na kwenye sifuri yenyewe hakuna jibu, kwa sababu hakuna dumu la kugawanyia gharama. Wanafunzi wangu walikuwa wakipenda kuunganisha nukta za jedwali kwa rula, nami nilikuwa nikiwarudishia karatasi, kwa kuwa jedwali husema kweli kwenye nukta ulizozichagua tu.

MpandaChikichi: Mimi nadhani tatizo si grafu. Kama bado mnakamua michikichi ya zamani yenye kokwa nene, mtahangaika na hesabu hadi uzeeni. Nendeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga mkachukue miche ya Tenera, ambayo tunda lake lina nyama nyingi na mafuta mengi. Shamba langu nilianza kulibadilisha kidogo kidogo, na sijutii hata kidogo.

BintiUjiji: Miche ya leo haitazaa kabla ya Jumamosi, kaka yangu. Katibu, mbona hujataja bei mtakayouzia? Gharama bila bei haimsaidii mwanachama yeyote.

KatibuSimbo: Bei ni jambo la kikundi, dada. Mimi nimeuliza namna ya kuwasilisha tu.

BintiUjiji: Bei ndiyo mstari wa pili wa grafu yako. Bila huo mkunjo unaonyesha nini?

KatibuSimbo: Basi nitasema. Kuna mnunuzi wa Tabora ambaye atasafirisha mzigo kwa reli, na tumekubaliana 50,000 kwa dumu. Malipo ya awali ameshayatuma na sehemu yake tumeshanunulia chikichi. Sikufanya hivyo kwa pupa, kwani nilichora nukta zangu kwenye karatasi ya grafu, nikaweka rula kutoka kwenye madumu 40 hadi 60 na kuurefusha mstari, ukafika 50,000 kwenye madumu 108. Mashine yetu inaweza kutoa madumu 120 kwa mwezi. Mnunuzi mkubwa wa namna hii hapatikani kila siku, na kumwacha ni kumpa jirani riziki yetu.

MwalimuMstaafu_Tabora: Ndugu yangu, rula imekupeleka mahali ambapo mkunjo haufiki. Kwenye madumu 108 gharama ni takriban 57,556 kwa kila dumu. Ukisawazisha mlinganyo wako na 50,000 unapata 600,000 = −2,000x, yaani x ni −300. Jibu hilo limetoka kwenye tawi la pili la grafu, upande wa kushoto wa sifuri, ambako hakuna mtu anayekamua mawese. Kwa bei hiyo kila dumu la ziada linawaongezea hasara ya 2,000: mkitoa 60 mnapoteza 720,000, na mkitoa 108 mnapoteza 816,000.

MzeeWaBusara: Ahadi ni deni. Amekula fedha ya mtu, ampelekee mzigo wake, hasara wagawane.

Mchunguzi77: Mimi nina shaka. Namba hizi ni nyoofu mno: 600,000, 52,000, jibu −300. Huyu ni mwanafunzi wa kidato cha tano aliyepewa swali la nyumbani, akalivika nguo za mawese ili tumfanyie kazi. Mwenye kikundi kweli atuchambulie hiyo 52,000.

KatibuSimbo: Nimeumia kuitwa mwongo. Mikungu ya chikichi ya dumu moja ni 40,000. Vibarua wa kuchambua, kuchemsha na kukamua 5,500. Dumu tupu 3,500. Kuni na maji 3,000. Jumla ni 52,000, na nimekadiria kwa sababu bei ya mikungu hupanda na kushuka kila wiki.

BintiUjiji: Mchunguzi, hayo hayatungwi na mtoto wa shule. Mimi mwenyewe nimechambua chikichi hadi vidole vikapasuka kwa miiba ya mikungu. Ila Katibu, mise ziko wapi? Kokwa zinazobaki baada ya kukamua zina wanunuzi.

KatibuSimbo: Mise huchukuliwa na akina mama wanaochambua, wanazipasua na kutengenezea sabuni. Za dumu moja zinafika 4,000. Ni mazoea ya tangu kikundi kianze, na sitayavunja kwa simu.

MwalimuMstaafu_Tabora: Namheshimu aliyeyaweka mazoea hayo. Mise zikihesabiwa, asimptoti inashuka hadi 48,000, na bei ya 50,000 inarudisha gharama kwenye madumu 300, ambayo mashine haiwezi. Kwenye kikomo chenu cha 120, gharama ni 53,000 pamoja na mise, na 57,000 bila mise. Kwa hiyo chora mikunjo miwili kwenye karatasi moja, mstari wa bei, na mstari wima kwenye 120. Nukta ziwe nyingi, na uziunganishe kwa mkono, bila rula.

Mchunguzi77: Shaka yangu imekwisha. Mwombe mnunuzi 58,000. Hapo madumu 100 yanarudisha gharama na akina mama wanabaki na mise zao.

KatibuSimbo: Atalalamika. Nitampigia kesho asubuhi, na akikataa 58,000 nitamrudishia kilichobaki cha malipo yake, kisha deni la chikichi tuliyokwisha kununua nitalipeleka kikaoni pamoja na hiyo grafu.

BintiUjiji: Mpigie leo, Katibu. Chikichi ikishalala haingoji.