Naomba ushauri: vipimo katika Toki Pona

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa mnaoandika Toki Pona, lugha aliyoibuni Sonja Lang mwaka 2001, yenye maneno kama 120 tu.

Natafsiri maelekezo ya maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuharisha: maji lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Sita ni "luka wan" (tano na moja), lakini "luka" ni mkono pia, hivyo "ilo moku lili luka wan" (vijiko vidogo sita) husomeka vibaya. Nusu ndiyo ngumu zaidi. Nimejaribu "lili" (kidogo), ila hapo kiasi anakiamua msomaji, na chumvi ikizidi ni hatari.

Je, nusu mnaiandikaje? Na tarakimu zinakubalika kwenye maandishi ya namna hii?