LSAT: hizi kanuni mbili zinatofautianaje?

Wakili_Kesho
Habari zenu. Najiandalia LSAT, ule mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani, hapa Nairobi, nasoma jioni nikitoka kazini. Tangu Agosti 2024 walipoondoa mafumbo ya mantiki, maswali ya hoja yamechukua sehemu mbili kati ya tatu zenye alama, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Kinachonitatiza ni kanuni za jumla. Nimetunga mfano kwa mtindo wao:

Makanga wa matatu ya Rongai alimrudishia abiria simu aliyoisahau kitini. Mwandishi anasema hastahili sifa, kwani abiria alishamwahidi zawadi. Kanuni ipi inasaidia zaidi kuitetea hoja?

A. Kila atendaye wema bila kutarajia malipo anastahili sifa.
B. Mtu anastahili sifa pale tu anapotenda wema bila kutarajia malipo.

Mimi naona ni kitu kimoja. Nisaidieni.

Bingwa_wa_Hoja
Anza na hitimisho, hadithi iache kwanza. Hitimisho ni "hastahili sifa". Sasa A inaweza kukufikisha hapo? A inajua kutoa sifa, kunyima haijui. Kuhusu anayetarajia malipo imenyamaza kabisa. Pengine anasifiwa kwa sababu nyingine, nani ajuaye. B imeweka sharti, makanga hakulitimiza, amekosa.

Halafu igeuze: hakuahidiwa chochote, na mwandishi anasema anastahili sifa. Hapo jibu ni A, na B haikufai, kwa sababu kutimiza sharti moja hakumaanishi umetimiza yote. Ili upige kura lazima uwe na umri wa miaka 18, lakini hata ukiwa nao, kama hukujiandikisha utarudi nyumbani.

Mama_Shazi
Mie B naiogopa, ni kali mno. "Pale tu"? Hakuna mwingine duniani?

Bingwa_wa_Hoja
Mama Shazi, ukali si dosari hapa. Umeombwa kanuni ya kuibeba hoja, na yenye nguvu ndiyo inabeba. Tahadhari hiyo itumie kwa maswali yanayouliza ni nini lazima kiwe kweli kutokana na maelezo.

Wakili_Kesho
Asante kaka, nimeelewa. Ila kuahidiwa si kutarajia! Huenda makanga hakuitaka hiyo zawadi.

Bingwa_wa_Hoja
Umeona vizuri. Ndiyo maana swali linasema "inasaidia zaidi" na wala si "inathibitisha". Pengo dogo likibaki, B bado inaishinda A.