Tupeane uzoefu: umewahi kuibiwa au kuwekewa dawa ukiwa safarini nje ya nchi?

Mfungasha Mizigo

Wakuu heshima kwenu. Hii stori nimekaa nayo miezi nane, hata mama watoto nilimwambia nimechomolewa kwenye tram, ila wiki iliyopita kijana wa mtaa wetu Kariakoo karudi kutoka Istanbul mikono mitupu na alivyoanza kunisimulia nikajikuta nammalizia mimi, manake ni kitu kilekile na eneo lilelile. Ndo nikaona nitanyamaza mpaka lini.

Mi nauza nguo za watoto, ile ilikuwa safari yangu ya tatu Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla pale Istanbul. Wanaopajua wanajua, duka kwa duka, wanauza kwa seri, yaani pakiti ya nguo moja saizi zote, na kila mtu pale anajua mtu mweusi mwenye begi la mgongoni kaja kufungasha mzigo na ana dola. Siku ya kwanza niko kituo cha tram naongea na simu, nakata tu, jamaa pembeni ananiuliza "kaka we wa Dar wapi?" Kiswahili safi kabisa cha pwani. Sasa we umeshinda siku nzima unaongea kwa kalkuleta na vidole, unasikia mtu anakuita kaka, moyo unafunguka wenyewe.

Siku mbili alinisaidia kweli, sio uongo. Duka alilonipeleka bei ilikuwa chini kuliko niliyozoea, akanionyesha mtu wa kago, nikitaka kumlipia chakula anakataa. Siku ya tatu akasema twende tukanywe chai kwa washkaji zake, sehemu moja ya chini chini hivi unashuka ngazi, ikaja chai ya tufaha kwenye vile vigilasi vyao vidogo. Nikaenda chooni, nikarudi, nikamalizia chai yangu. Nakumbuka ngazi. Nakumbuka mtu kanishika kiwiko anasema "taratibu kaka". Basi.

Nimezinduka kesho yake mchana kitandani kwangu hotelini na viatu miguuni, mdomo umekauka hata mate hakuna. Dola 4,200 hamna, simu hamna, pasipoti wameiacha juu ya mto. Nikashuka mapokezi kwa hasira nikijua wafanyakazi ndo wameniibia, wakanionyesha kamera. Wakuu, niliingia mwenyewe. Natembea kwa miguu yangu, yule jamaa kanishika bega kama ndugu, funguo nimeomba mimi, na kile kisanduku cha namba chumbani hakijavunjwa, manake namba nimewatajia mimi. Hicho ndo kilinitesa kuliko hela. Nilikuwa najua mtu akiwekewa dawa anaanguka watu wanamwona. Kumbe unaweza ukawa unatembea, unajibu, unawasalimia watu wa mapokezi, na wewe mwenyewe haupo.

Polisi nilienda siku mbili baadae kwa sababu ya aibu, na hospitali sikwenda kabisa. Kituo cha polisi wa watalii kiko Sultanahmet pale, vituo vitatu tu vya tram kutoka Laleli, yaani ningeweza hata kutembea. Naomba tusichekane humu, mwenye lake aseme.

Mama Wawili Tunduma

Pole sana kaka angu. Mi langu la basi, naenda Lusaka kufata vitenge, tumeshavuka Nakonde, pembeni yangu kakaa mama mtu mzima ana mtandio na kitoto, anakiimbia, ananiita mwanangu. Akatoa maandazi, kampa mtoto, kala yeye, kanipa mimi na juisi. Andazi halikuwa na shida maana wote tulikula, mi naamini ilikuwa juisi sababu kile kichupa nilipewa kimeshafunguliwa. Nimekuja kuamshwa na kondakta mwisho wa safari, mama hayupo, mtoto hayupo, kitambaa nilichofungia hela tumboni kimekatwa kwa wembe na sikusikia hata baridi ya wembe.

Shida yetu sisi kukataa chakula cha mtu mzima ni kama umemtusi. Sikuhizi nasema "nimefunga mama, Mungu akubariki" au nasema nina vidonda vya tumbo daktari kanikataza. Hakuna anayekasirika kwa hilo, na akilazimisha sana hapohapo nishajua.

msee_wa_tao

Pole sana bro. Huku kwetu Nairobi hiyo tunaita kuwekewa mchele na imeumiza watu wengi. Nilikuwa na mgeni kutoka Mwanza, amekuja kununua spea, nikamwacha kwa klabu moja hapo tao nikaenda nyumbani mapema kwa sababu bibi yangu alikuwa mgonjwa. Hiyo kitu huwa inanisumbua hadi leo. Wasichana wawili walikuja mezani, wakapatana, kesho yake saa nane mchana ndio alipatikana kwa chumba ya gesti. Simu haikuwa. Na si hela ya mfukoni pekee, walitoa yote ilikuwa kwa M-Pesa na kwa app ya benki, wakachukua na mkopo juu. Walijuaje PIN? Aliwaambia. Vile jamaa wa juu amesema, mtu anaulizwa anajibu.

Kitu mi hufanya sasa: nikisafiri laini yenye hela ya biashara inabaki nyumbani kwa mtu naamini, natembea na simu iko na hela ya siku mbili tatu. Kinywaji kifunguliwe mbele yangu, na nikienda chooni nikirudi naagiza ingine, hiyo naacha hata kama ilikuwa imejaa.

Mfungasha Mizigo

@msee_wa_tao hiyo ya laini nimeipenda, mi laini zote mbili zilikuwa kwenye simu moja. Kufunga laini ikabidi niazime simu ya mtu wa kago nimpigie mdogo wangu Dar aende dukani na kitambulisho, na namba yake sikuwa naikumbuka kichwani. Namba ya ndugu yangu wa tumbo moja!

nesi_wa_zamu

Jamani nisikilizeni kidogo kwenye hili maana wagonjwa wa hivi nawapokea sana, hasa wa kushushwa kwenye mabasi.

Kwanza msimmiminie mtu maziwa. Najua ndo tulivyolelewa, mtu kala sumu mpe maziwa, lakini mtu ambaye hajielewi hamezi vizuri, yale maziwa yanaingia kwenye mapafu na hapo mmemuongezea tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza. Wala kahawa, wala kumpeleka bafuni kummwagia maji. Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo ili akitapika yatoke nje, na asiachwe peke yake. Ile kauli ya "mwacheni alale itaisha yenyewe" imeua watu. Dawa nyingi za aina hii zikikutana na pombe zinapunguza pumzi, anaonekana kalala kumbe anazima. Ukiona anakoroma vibaya, anavuta pumzi kwa kuchelewa, unamuita unamfinya haamki, angalia fizi na ndani ya midomo na kucha, zikianza kuwa za bluu hiyo ni ya kukimbia hospitali sasa hivi.

Pili wahi kupima. Kuna dawa ambayo kwenye mkojo inaonekana kama masaa 12 tu, baada ya hapo hata ukipima hamna kitu. Kwa hiyo ukizinduka na huelewi, ukitaka kwenda haja ndogo kinga kwenye chupa safi nenda nayo, na ukifika sema wazi "nahisi nimewekewa dawa", ukisema "nilikunywa nikalewa" watakuwekea dripu watakuruhusu. Na jichunguze mwili mzima, wanawake na wanaume, maana sio kila aliyewekewa dawa alichukuliwa hela peke yake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ndo bora.

kijana_wa_mbagala

Na hii ya kupewa bizinesi kadi ina unga ukiigusa tu unazima ni kweli sista?

nesi_wa_zamu

Mimi kwa miaka yangu yote sijakutana nayo. Wote niliowahudumia walikula au walikunywa kitu. Tukiwa busy kuogopa karatasi tutaacha kuangalia glasi.

Mbongo wa Houston

Mi halijanikuta ila lilipita karibu sana. Wenzangu kazini walipanga kwenda Medellín, Kolombia, mwanzoni mwa 2024, wanaume watupu, na mmoja alikuwa ashaanza kuchati na wadada wa huko kwenye app za kutafuta wapenzi kabla hata ya kukata tiketi. Januari ile ile ubalozi wa Marekani kule Bogotá ukatoa tangazo, Wamarekani 8 wamekufa Medellín kwa mazingira ya kutatanisha ndani ya miezi miwili tu, Novemba na Desemba 2023, na vifo kadhaa vinahusishwa na kuwekewa dawa na kuibiwa, na kadhaa vilianzia kwenye hizo app. Kule kuna dawa wanaiita burundanga, inatokana na mmea wa jamii ya mnanaha, mnanaha huuhuu tunaoukuta majalalani kwetu. Ni ileile habari ya mtoa mada, mtu anatembea anaenda mwenyewe ATM anatoa hela.

Tulienda wanne. Tukakubaliana hakuna kuleta mtu tulipofikia, ukikutana na mtu ni mchana sehemu ya wazi, na kila mtu anashea lokesheni kwa wengine. Mmoja aligoma akabaki Houston, hakutaka masharti.

Binti Ilala

Mimi nilimpeleka mama India kutibiwa, tumefika Delhi usiku mama hawezi hata kukaa vizuri, dereva akatuambia hoteli yenu imefungwa kuna fujo mtaa ule, akapiga simu akanipa niongee na "mtu wa hoteli" anathibitisha kabisa. Akatupeleka kwingine bei mara tatu. Kesho yake nikapiga ile hoteli yetu, wako wazi na walikuwa wanatusubiri. Sikuibiwa begi lakini ile hela ilikuwa ya vipimo. Ukifika airport pale Delhi kuna dirisha la teksi za kulipia kabla, lipa pale, na namba ya hoteli piga wewe kwa simu yako, usikubali ya kupigiwa.

Jozi_Mtanzania

Niko Johannesburg mwaka wa 11. Huku ni nguvu zaidi kuliko dawa. Wageni wengi wanaibiwa ndani ya saa moja tangu washuke Park Station, anashuka na basi, anavuta begi kwa miguu kuelekea Hillbrow kwa sababu ramani imemwambia ni karibu. Ni karibu kweli. Usitembee, subiri ndani mpaka mwenyeji wako aje, akichelewa masaa mawili kaa masaa mawili.

Nyingine ni ya kufatwa kutoka airport, gari linakuja nyuma na taa za bluu kama polisi. Hapa hata polisi wenyewe wanashauri, ukiwa na wasiwasi usisimame gizani, washa hazadi, punguza mwendo, endesha taratibu mpaka kituo cha polisi kilicho karibu au petrol stesheni yenye watu, huku unapiga 10111. Mdogo wangu alisimama. Walimvua mpaka viatu, ila yuko hai namshukuru Mungu. Na wakikukamata toa kila kitu, usibishane hata neno moja, simu utanunua nyingine.

mama_la_mama

Guangzhou teksi, unampa dereva yuan mia, anaiangalia anasema mbovu anakurudishia, unampa nyingine anasema mbovu, ukishuka zote ulizorudishiwa ni feki zako halali kabakia nazo. Zilinipata mara mbili kabla sijaelewa. Kariri namba za mwisho za noti au toa chenji ndogo.

Naondoka Ijumaa

Wakuu naondoka Ijumaa usiku kwenda hukohuko Laleli, mara ya kwanza, nimesoma uzi wote mpaka tumbo linauma. Nikipoteza pasipoti naenda wapi?

Mfungasha Mizigo

Mdogo wangu ubalozi wetu uko Ankara, sio Istanbul, ni kama kilomita 450, usije ukaanza kuutafuta mtaani pale. Unaenda polisi kwanza upate ripoti ya upotevu, halafu ndo unawasiliana nao kwa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Dharura yoyote piga 112. Toa kopi ya pasipoti mbili, moja begini moja kwa nyumbani, na picha yake jitumie kwenye email. Namba 3 za watu wako andika kwenye karatasi, weka ndani ya soksi au popote. Hela gawa, nyingine ibaki Dar utumiwe ukishakubaliana bei. Na akikuita mtu kwa Kiswahili msalimie vizuri, ongea nae palepale barabarani, chai yake usinywe.

Naondoka Ijumaa

Asante kaka. Karatasi nimeshaandika.

Mfungasha Mizigo

Mrejesho. Jana usiku nimempa mama watoto simu asome huu uzi kuanzia juu. Kasoma kimya, kaniuliza tu kama bado kichwa kinaniuma. Kesho asubuhi tunaenda wote kwa yule kijana, manake ile hela aliyoibiwa nusu yake ilikuwa ya kikoba cha mama yake na bado hajamwambia.